Trei za hoho hazioti baridi hii ya Njombe: ni mbegu, udongo au maji?

Mkangaga (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu. Niko Njombe, pembezoni mwa mji. Nimesia hoho chotara kwenye trei tatu za matundu 200, nikaziweka chumba cha uani ambacho halali mtu. Dirisha ni moja, linatazama mashariki. Wiki ya tatu inaelekea ukingoni. Trei moja imetoa miche ya kuhesabu, ishirini na kitu hivi, mbili zilizobaki kimya kabisa. Kabichi niliyosia siku ile ile, chumba kile kile, imetoka yote na sasa ina majani ya kweli.

Mchanganyiko ni udongo wa msituni, samadi ya ng'ombe na mchanga kidogo. Namwagilia asubuhi na jioni. Mbegu nimenunua duka la pembejeo, pakiti ilikuwa imefungwa, lebo ipo, muda haujaisha. Jirani kaniambia nimepigwa, hizo ni feki, niende nikadai hela yangu. Kabla sijaenda kugombana na mtu naomba wenye uzoefu mniambie mnaonaje. Bei ya mbegu chotara mnaijua wenyewe. Picha nimejaribu kupandisha, mtandao unagoma.

---

Jembe_Butu

Pole mkuu. Hapo hakuna cha kuuliza, umeuziwa feki. Msimu huu zimejaa. Beba pakiti yako nenda kamwagie pale dukani.

---

BwanaKitalu

Taratibu Jembe_Butu, kesi haijasikilizwa umeshahukumu.

Mkangaga, kabichi imeota na hoho haijaota, kwenye chumba kimoja, udongo mmoja na mkono mmoja wa kumwagilia. Huo peke yake ni ushahidi mkubwa. Kabichi na hoho hazitofautiani sana kwa mahitaji ya maji wala udongo wakati wa kuota. Zinapoachana ni kwenye joto. Kabichi inaota hata udongo ukiwa nyuzi 10, polepole lakini inakuja. Hoho ni mmea wa nchi za joto. Udongo ukiwa nyuzi 25 hadi 30 inachomoza ndani ya siku 8 hivi. Shuka mpaka 20, ni karibu wiki mbili. Shuka mpaka 15, ni siku 25 na zinatoka kwa mafungu, leo mbili kesho kutwa tatu. Kwenye 10 usisubiri kitu. Nyanya iko katikati: kwenye nyuzi 15 inachukua wiki mbili, kwenye 25 siku sita.

Angalia vizuri, nimesema joto la UDONGO, sio la hewa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huu ni mwezi wa saba. Mchana jua likiwaka unavua koti, ila tundu la trei lina udongo wa kujaa kijiko tu na baridi ya usiku inalimaliza mapema.

Sasa kabla hujaamini mimi au jirani yako, fukua. Watu wanakaa wiki nne wanaitazama trei kutokea juu wakati jibu liko nusu sentimita chini. Chukua kijiti cha kuchokonolea meno, chagua matundu kumi na mbili hivi kutoka trei zote, ya katikati na ya pembeni, toa mbegu uziweke kwenye sahani nyeupe. Kisha rudi hapa utuambie:

Je, mbegu ni kavu na ngumu kama ilivyotoka kwenye pakiti? Hiyo haijanywa maji.
Je, imevimba, ukiibana na kucha ni ngumu na ndani nyeupe safi? Hiyo iko hai au ilikuwa hai mpaka juzi, inasubiri joto.
Je, ukiibana inapasuka na kutoa uji wenye harufu? Imeoza.
Je, imetoa mzizi halafu ikafia humo humo? Hapo tuna kesi ya udongo au kinyaushi, ule ugonjwa wa ukungu unaoozesha miche michanga.
Na kama humo ndani hakuna mbegu kabisa, uliza sisimizi na panya.

Na swali jingine. Trei zimekaa juu ya nini? Zote?

---

MkulimaKiambu

Habari wadau, nawasoma kutoka upande wa pili wa mpaka. Bwana Kitalu amesema kweli. Mimi naongeza la pakiti. Huku Kenya pakiti iliyoidhinishwa ina stika ya KEPHIS, shirika la serikali la kukagua mbegu na mimea, unakwangua unatuma namba kwenda 1393 na unajibiwa kama mbegu ni halali. Najua kwenu kuna lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania. Ukikwangua na jibu likaja sawa, habari ya feki unaiweka kando kwanza.

Lakini halali haimaanishi nzima. Agroveti nyingi zinaning'iniza pakiti kwenye kioo cha mbele, jua linazipiga kuanzia asubuhi. Mbegu iliyokuwa nzuri ilipotoka kiwandani inazeekea pale dukani. Kwa hiyo fanya hivi: kama umebakiza mbegu, hesabu ishirini, zilaze juu ya tishu ya jikoni iliyoloa lakini haichuruziki, kunja, ingiza kwenye mfuko wa nailoni, andika tarehe, kisha weka mahali pa joto la kueleweka mchana na usiku. Ukiwa na friji, juu yake kwa nyuma pana joto. Ukikosa, karibu na jiko. Baada ya siku kumi fungua. Zikitoka kumi na sita au zaidi, mbegu haina kesi. Zikitoka tatu, hapo nenda dukani, na uende na hiyo tishu mkononi.

---

Jembe_Butu

Lakini pakiti zenyewe zimeandikwa uotaji asilimia 85. Mtu anakupa 85, unapata ishirini kwenye mia sita, unaambiwa ufukue. Huo si wizi?

---

BwanaKitalu

Hiyo 85 imepimwa maabara mkuu, sio chumba cha uani Njombe. Hoho hupimwa kwenye joto la kati ya nyuzi 20 na 30, kwenye karatasi maalumu, unyevu umedhibitiwa, na hesabu ya mwisho inafanywa siku ya 14. Namba ile inakwambia mbegu ina uwezo gani ikipewa kila inachotaka. Haikuahidi kwamba itaota ukiilaza kwenye baridi.

Mimi siwatetei wenye maduka, wapo wanaofungua kopo la mbegu wakapima kwa kijiko na kukufungia kwenye karatasi ya daftari, hapo huna lebo wala tarehe. Vitunguu ndiyo usinunue hivyo kabisa, mbegu ya kitunguu inachoka ndani ya mwaka mmoja hata ukiilea. Ya hoho inakwenda kama miaka miwili, nyanya na kabichi minne hivi, ikikaa pakavu na pa baridi. Kanuni ya wataalamu ni kwamba unyevu ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1 tu, maisha yake yanakaribia kuongezeka maradufu, na joto la ghala likishuka kwa nyuzi tano na nusu hivi, ni vilevile. Ndiyo maana pakiti iliyofunguliwa nusu iliyokaa juu ya kabati la jikoni mwaka mzima haina hadhi tena.

---

Mkangaga

Nimefukua. Mke wangu kanishangaa natoa mbegu nilizozika mwenyewe.

Nimetoa kumi na tano. Nyingi zimevimba, ngumu, nikizikata kwa kiwembe ndani ni nyeupe. Tatu za katikati ya trei zimelainika, zina harufu ya kuvunda. Mbili zimetoa mzizi mweupe mfupi lakini shingo imejikunja chini ya udongo, juu pamefanya gamba, nikiligonga kwa kucha linalia. Hakuna iliyokosekana.

Kuhusu swali la trei zimekaa juu ya nini: kabichi zipo mezani. Trei moja ya hoho ipo mezani pia, imesukumwa kwenye ukuta ambao upande wa pili ni jikoni. Ndiyo hiyo iliyotoa miche. Mbili zipo sakafuni, sakafu ya simenti.

Nimeazima kipimajoto cha jamaa anayetotolesha vifaranga nikakichomeka kwenye udongo. Alfajiri trei za sakafuni 11, ya mezani 16. Saa nane mchana sakafuni 14, mezani 19.

---

BwanaKitalu

Umeshajijibu mkuu. Trei ya ukutani inaishi kwenye 17 hivi kwa wastani, ndiyo maana wiki ya tatu imeanza kutoa mojamoja. Za sakafuni ziko 12 au 13. Simenti inanyonya joto kutoka chini usiku kucha. Mbegu zimekunywa maji zikavimba, zikakuta hakuna joto la kuamshia kazi, zikabaki hivyo. Kadiri zinavyobaki hivyo ndivyo vimelea vya udongo vinavyopata muda wa kuzila. Zile tatu zilizovunda zimeanza, nyingine zitafuata ukiendelea kumwagilia mara mbili kwa siku.

Sasa maji. Hayo maji ya asubuhi unayatoa wapi?

---

Mkangaga

Simtanki la nje.

---

BwanaKitalu

Basi kila asubuhi unaiogesha hoho maji ya barafu. Yaweke ndani kwenye ndoo tangu jana yake, au changanya na ya moto yawe vuguvugu kwenye mkono. Na acha kumwagilia kwa ratiba. Mbegu ambayo haijatoka haina majani, hainywi kitu cha maana. Nyanyua trei: ikiwa nzito, iache. Ikiwa nyepesi na udongo juu umebadilika rangi, iweke kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, ivute kutoka chini mpaka juu palowe, kisha itoe ichuruzike. Ukifanya hivyo hata lile gamba hutaliona. Gamba linatokana na keni yako ya kumwagilia kupiga udongo wa msitu wenye mfinyanzi mara kumi na nne kwa wiki.

Mchanganyiko wenyewe nao ni mzito kwa trei. Udongo wa msituni kwenye kitalu cha chini ni mzuri, kwenye tundu dogo unashikana. Safari ijayo tumia kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), au mboji iliyoiva sawasawa ukiichekecha na kuichanganya na pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi. Kokopiti ya bei rahisi ioshe kwanza, loweka umwage maji mara mbili tatu, maana makumbi mengine hulowekwa kwenye maji ya chumvi na chumvi hiyo inazuia mbegu kunywa. Samadi ya ng'ombe hujatuambia imekaa muda gani. Ikiwa bado inatoa harufu ya kuchoma pua, usiisogeze karibu na mbegu. Ya kuku ndiyo kabisa.

---

ShangaziLushoto

Mwanangu Mkangaga, huku milimani Lushoto nasi baridi tunaijua. Nikwambie sisi wa vitalu tunavyofanya, maana naona mmeongea sana habari ya ugonjwa na dawa hamjaisema.

Mbegu ya hoho isiyotoka haihitaji mwanga. Inahitaji joto na unyevu tu. Kwa hiyo ukishasia na kulowesha mara moja sawasawa, trei usizitandaze. Zipange moja juu ya nyingine, tano sita, ya juu kabisa weka trei tupu, kisha funga mnara wote kwa nailoni. Unyevu hautoki, hutamwagilia tena mpaka zichomoze, na usiku zinatunziana joto. Mnara huo unauweka jikoni, au kama una uchaga wa mahindi juu ya meko, pembeni yake, sio juu ya moto wenyewe. Chomeka hicho kipimajoto katikati. Unataka kati ya 24 na 30. Ikipita 35 na kuendelea umeanza kupika.

Mwenye umeme anaweza kutumia boksi na balbu ile ya zamani inayotoa joto, kama ya vifaranga. Wengine wanaweka trei juu ya kichanja chini yake kuna lundo la samadi na majani linaloiva. Linatoa joto zuri sana, lakini lundo likiwa jipya linaweza kupita nyuzi 50, kwa hiyo acha nafasi ya hewa katikati na upime kwanza.

Jambo moja nakusihi. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ukalale humo au ukamwacha mtoto humo kwa sababu ya miche. Gesi ya mkaa haina rangi wala harufu na inaua. Kila msimu wa baridi tunazika watu kwa ajili hiyo.

Kuanzia siku ya tano chungulia asubuhi na jioni. Ukiona shingo za kwanza zimepinda kutokea kwenye udongo, hata kama ni tano tu kwenye trei nzima, vunja mnara siku hiyo hiyo uzipeleke kwenye mwanga. Ukichelewa siku moja na nusu miche inarefuka, inapauka, inaanguka kwa kinyaushi na hakuna dawa ya kuinyanyua.

---

Kijana_wa_Mbagala

Uzi mzuri. Mimi nina kesi ya kinyume. Niko Dar, nasia saladi ndani kwenye makopo, mwezi wa pili na wa tatu haioti hata moja, mwezi wa saba inaota vizuri. Mbegu ni za pakiti moja.

---

BwanaKitalu

Saladi ikinyonya maji udongo ukiwa umepita nyuzi 30 inajifunga na kulala. Zilaze kwenye tishu yenye unyevu, weka friji chini kabisa siku moja au mbili, sio kwenye barafu. Kisha sia jioni, sehemu yenye kivuli, na usizifunike kwa udongo mwingi, mbegu ya saladi inapenda kuona mwanga. Ikishaanza kuamka kwenye ubaridi, joto la baadaye haliisumbui sana.

---

Mama_Papai

Samahani kwa kuingilia. Na papai je? Natoa mbegu kwenye tunda zuri, nasia siku hiyo hiyo zikiwa bado mbichi, zinachukua mwezi na zinaota chache.

---

ShangaziLushoto

Ule ute unaozunguka mbegu, dada, ndio unaozuia. Zisugue kwenye chujio kwa mchanga na maji mpaka ute wote utoke zibaki nyeusi zenye mikunjo, zianike kivulini siku mbili tatu, ndipo usie. Hata hivyo papai linataka joto na subira, wiki mbili mpaka nne ni kawaida yake. Na ukitaka kujua zaidi mambo ya papai dume na jike fungua uzi wako, humu tutampoteza kijana na hoho zake.

---

Jembe_Butu

Sawa nimewasikia. Lakini mtu akiniambia mbegu yake ni nzima wakati sijaona imeota sikubali. Mkangaga, lete majibu ya tishu.

---

Mkangaga

Haya jamani, nimerudi. Pakiti ilikuwa na mbegu zilizobaki, nikahesabu ishirini nikaziweka kwenye tishu kama alivyoelekeza wa Kiambu, mfuko ukakaa kwenye rafu juu ya jiko. Leo nimefungua, kumi na saba zimetoa mzizi. Lebo nimeikwangua pia, jibu limekuja sawa. Jirani nimempelekea tishu akaangalie mwenyewe, kasema labda hizo ishirini ndizo zilikuwa nzuri.

Trei mbili za sakafuni nilizihamishia jikoni siku ile ile niliyofukua, nikazifunga nailoni. Kipimajoto kinasoma 25 mchana, 21 alfajiri. Trei moja imeanza kutoa, nimehesabu shingo arobaini na tisa leo asubuhi. Ya pili, iliyokuwa imeloa zaidi, imetoa sita tu. Nimefukua kidogo, nyingi zimekuwa uji.

Maswali mawili. Zile kumi na saba za kwenye tishu zinapandikika? Na hii trei ya pili niendelee kuisubiri au nisie upya?

---

BwanaKitalu

Kumi na saba kwa ishirini ni 85 kamili, Jembe_Butu umeiona.

Za kwenye tishu zinapandikika ukiwahi kabla mzizi haujapita nusu sentimita. Usishike mzizi, shika ganda kwa kibano au ncha ya kijiti kilicholowa. Toboa tundu, mzizi utazame chini, funika kidogo, usikandamize. Ukikuta mzizi umeingia ndani ya tishu usiuvute, kata kipande cha tishu ukipande nacho.

Trei ya pili usiisubiri. Hiyo sita ihamishie kwenye matundu matupu ya trei nyingine ikishafungua majani mawili ya mwanzo. Udongo wake mwaga shambani, usisie tena ndani yake, umeshajaa vimelea. Trei yenyewe isugue kwa sabuni, kisha iloweke dakika kumi na tano kwenye maji yenye jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa tisa vya maji, suuza, anika juani. Kisha sia upya kwa mchanganyiko mwepesi, kina cha nusu sentimita mpaka sentimita moja, sio zaidi.

Ile yenye arobaini na tisa toa nailoni leo, sio kesho, na uirudishe mezani kwenye mwanga wa dirisha. Hoho ikishachomoza inavumilia ubaridi zaidi kidogo kuliko ilipokuwa mbegu, ila usiku irudishe karibu na ukuta wa jikoni. Geuza trei kila siku maana miche itaegemea dirisha.

---

Mkangaga

Nimeitoa nailoni sasa hivi. Shukrani wakuu, na Shangazi shikamoo.

---

ShangaziLushoto

Marahaba mwanangu. Hizo utakazosia upya zikiwa jikoni weka na mtego. Jikoni kwenye joto ndiko panya waliko, na mbegu iliyolowa wanaitoa tundu kwa tundu, asubuhi utarudi humu kutuambia umeuziwa feki.